Fungua, Fungulia au Ruhusu? Lugha ya Kanuni za Ngome ya Mtandao katika Kuendesha Kompyuta kwa Mbali: Mfano wa Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanajadili maneno ya Kiswahili yanayotumika kuelekeza jinsi ya kuiweka ngome ya mtandao ili kompyuta iliyoko mahali pamoja iweze kuendeshwa na fundi aliye mahali pengine. Hoja yetu kuu ni kwamba kanuni ya ngome ni sentensi, na kwamba kitenzi *fungua*, ambacho ndicho hutangulia katika maelekezo mengi, huacha nafasi ya mtu anayefunguliwa ikiwa tupu. Mashine huijaza nafasi hiyo kwa kumkubali yeyote, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Kwa kutumia mfano wa mji wa Kigoma na shughuli za mwambao wa Ziwa Tanganyika, tunapendekeza istilahi *ngome* na *gati*, pamoja na vitenzi *fungulia* na *ruhusu*. Aidha, tunaeleza hatua za utekelezaji na mipaka yake.

1.0 Utangulizi

Mji wa Kigoma hujulikana kote nchini Tanzania kwa jina la mwisho wa reli. Reli ya Kati, inayoanzia Dar es Salaam, iliufikia mwambao wa Ziwa Tanganyika mwaka 1914 baada ya kukata masafa ya kilometa zipatazo 1,250. Masafa hayo hayajapungua. Kilichobadilika ni kwamba, tangu nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam mwaka 2009 na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuanza kusambazwa kuelekea mikoani, sehemu kubwa ya kazi ya fundi wa kompyuta inaweza kufanywa bila ya yeye kusafiri. Fundi huketi Dar es Salaam, akaiona kwenye kioo chake sura ya kompyuta iliyoko Kigoma, akaiendesha kana kwamba ameketi mbele yake.

Kwa ajili ya mjadala, tuchukue mfano wa kufikirika. Zahanati moja iliyoko kati ya Kigoma na Ujiji ina kompyuta inayotunza kumbukumbu za wagonjwa. Programu ya kumbukumbu hizo imekwama, na karani wa zahanati, mama wa makamo, anampigia simu fundi aliye Dar es Salaam. Fundi anamwambia: "Mama, zima ukuta wa moto, halafu fungua bandari namba 3389." Karani anauliza: "Nimfungulie nani, mwanangu?" Fundi anajibu: "Wewe fungua tu."

Mazungumzo haya mafupi yanabeba tatizo zima la makala haya. Katika maelekezo ya fundi mna istilahi mbili zenye kasoro, *ukuta wa moto* na *bandari*, na kitenzi kimoja kisichotosheleza, *fungua*. Swali la karani, kwa upande mwingine, ni sahihi kisarufi na ni sahihi kiufundi. Mzungumzaji wa Kiswahili anapoambiwa afungue mlango wa nyumba yenye mali ya watu, hutaka kujua anayebisha hodi ni nani. Tutaonyesha kwamba, laiti fundi angelijibu swali hilo kikamilifu, angelikuwa amekwisha kuitunga kanuni ya ngome.

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili si mgeni. Wasomaji wanakumbuka mvutano wa *kompyuta*, *tarakilishi* na *ngamizi*, na jinsi *tovuti* na *nywila* yalivyojipatia nafasi. Hata hivyo, mijadala hiyo imeelemea zaidi kwenye nomino. Vitenzi vya maelekezo, ambavyo ndivyo humfanya mtumiaji atende jambo fulani, havijapewa uzito unaolingana na athari zake.

2.0 Ukuta, ngome au forodha?

Kifaa au programu tunayoizungumzia hapa hutamkwa na mafundi wetu kwa sauti ya Kiingereza, yaani *faiawoli*. Neno hilo katika lugha yake ya asili linatokana na fani ya ujenzi. Ni ukuta unaojengwa kati ya nyumba na nyumba, au kati ya sehemu mbili za jengo moja, ili moto ukizuka upande mmoja usivuke kwenda upande wa pili. Wataalamu wa mitandao walilichukua neno hilo katika miaka ya 1980, wakati mitandao ya taasisi mbalimbali ilipoanza kuunganishwa na madhara ya upande mmoja yakawa yanaweza kuenea kote.

Tafsiri ya *ukuta wa moto* ina kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni ya kisarufi. Kiingereza kinaweza kuziweka nomino mbili bega kwa bega bila kuonyesha uhusiano wake, na msikilizaji akajua kwa mazoea kwamba ukuta huo ni wa kuuzuia moto. Kiswahili hutumia -a unganifu, na -a unganifu inapofuata nomino *ukuta* hueleweka mara nyingi kuwa inataja kitu kilichojengea: ukuta wa mawe, ukuta wa udongo, ukuta wa matofali. Kwa kanuni hiyo, *ukuta wa moto* ni ukuta uliojengwa kwa moto. Ili maana iliyokusudiwa ipatikane, ingetubidi tuseme *ukuta wa kuzuia moto*, maelezo ambayo ni sahihi lakini ni marefu.

Kasoro ya pili ni ya kimaana, na athari yake ni kubwa zaidi. Ukuta una hali mbili tu, kusimama au kubomolewa. Mtu aliyefundishwa kuwa kifaa hiki ni ukuta, akikuta kazi imekwama, hufikiria jambo moja tu, yaani kuuondoa. Hivyo ndivyo agizo la "zima ukuta wa moto" linavyozaliwa. Kumbe kazi ya kifaa chenyewe si kuzuia kila kitu. Kazi yake ni kuchambua. Kila pakiti ya data inapofika, kifaa hukagua imetoka anwani gani, inakwenda anwani gani, inatumia itifaki gani, inaelekea huduma ipi, na kama ni jibu la mazungumzo yaliyoanzishwa kutoka ndani au ni mgeni asiyetarajiwa. Baada ya hapo huilinganisha na orodha ya kanuni, ikapitishwa au ikakataliwa.

Neno *ngome* lina sifa zinazokidhi vigezo kadhaa vinavyozingatiwa katika uundaji wa istilahi. Ni fupi, limo katika lugha tangu zamani, linaeleweka kwa mtu yeyote aliyesikia habari za Ngome Kongwe ya Unguja au Ngome ya Yesu ya Mombasa, na linazalisha kwa urahisi: *ngome ya kompyuta* kwa ile iliyomo ndani ya mashine moja, *ngome ya mtandao* kwa ile inayolinda mashine nyingi. Zaidi ya hayo, ngome ina mlango na ina mlinzi, kwa hiyo dhana ya kuchagua anayeingia haitengwi na dhana ya kuzuia. Upungufu wake ni kwamba inaleta picha ya vita, ambapo kila aliye nje ni adui.

Kwa madhumuni ya kufundishia, mfano ulio karibu zaidi na utendaji halisi ni *forodha*. Neno hili, ambalo huko Unguja limesalia pia katika jina la mahali, Forodhani, lina maana ya mahali pa kushushia shehena na pa kutozea ushuru. Ofisa wa forodha katika Bandari ya Kigoma haizuii meli kwa sababu imetoka Kalemie, Bujumbura au Mpulungu. Hutazama hati, akailinganisha na orodha, kisha akaamua. Tunapendekeza, basi, *ngome* iwe istilahi, na *forodha* iwe mfano wa kuifafanulia.

3.0 Bandari, lango au gati?

Istilahi ya pili yenye utata ni ile inayotaja namba ya huduma katika kompyuta, ambayo mafundi huiita *poti*. Tafsiri ya *bandari* imetokana na kufanana kwa sauti katika Kiingereza. Lugha ya Kilatini ilikuwa na maneno mawili: moja lenye maana ya bandari, jingine lenye maana ya lango. Katika Kiingereza maneno hayo yakaja kufanana kabisa. Neno la fani ya kompyuta liko upande wa lango. Mfasiri aliyeandika *bandari* alitafsiri neno pacha badala ya neno lililokusudiwa.

Hata tukiiweka kando asili ya maneno, *bandari* haikidhi haja. Bandari ni kitu kizima. Mji wa Kigoma una bandari yake, na hakuna mtu anayesema mji huo una bandari elfu sitini. Kompyuta, kwa upande wake, ina namba za huduma kuanzia 0 hadi 65,535 kwa kila moja ya itifaki mbili kuu za usafirishaji, TCP na UDP. Namba hizi zimepangiwa kazi kwa makubaliano ya kimataifa: 22 kwa kuingia katika seva kwa njia ya maandishi yaliyosimbwa, 80 na 443 kwa kurasa za wavuti, 445 kwa kushirikiana mafaili katika mtandao wa Windows, na 3389 kwa itifaki ya RDP ya kuendesha kompyuta kwa mbali.

*Lango* lingefaa kwa maana, lakini tayari linahitajika kwingine. Kila mtandao una kifaa kimoja ambacho data zote zinazotoka nje hupitia, na *lango* ndilo jina linalokifaa kifaa hicho. Kuliita kila tundu la huduma *lango* kungeleta mkanganyiko katika sentensi moja.

Tunapendekeza *gati*. Katika bandari, gati ni mahali maalumu pa meli kufungia, na magati hutambulishwa kwa namba. Gati moja linaweza kutengwa kwa shehena, jingine kwa abiria, jingine kwa mafuta. Kwa mfano huu kompyuta yenyewe ndiyo bandari, na kila huduma ina gati lake. Mkazi wa Kigoma anaielewa tofauti hii bila ya kuelezwa sana, kwa kuwa anaijua pia hali isiyo na gati: katika mialo ya mchanga, mashua huvutwa ufukweni popote penye nafasi. Inawezekana kupinga kwamba *gati* ni geni kwa mtu wa bara asiyeishi karibu na maji. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linaligusa pia neno *bandari*. Na neno lenye namba linafundishika kwa urahisi kuliko lile linalopotosha.

4.0 Kanuni ya ngome kama sentensi

Tugeukie sasa vitenzi. Kitenzi *fungua* ni kitenzi elekezi chenye yambwa moja, kile kinachofunguliwa. Sentensi "Fungua gati 3389" imekamilika kisarufi. Haidai kitu kingine chochote. Mtendaji ni yule anayeambiwa, na yambwa ni gati. Hakuna nafasi ndani yake inayomlazimisha msemaji amtaje mtu atakayepita.

Ngome ya kompyuta ina nafasi hiyo. Katika orodha ya kanuni za ngome ya Windows, kila kanuni ina sehemu ya kutajia anwani za mbali zinazoruhusiwa. Sehemu hiyo isipojazwa, mashine huisoma kuwa ni anwani yoyote. Kwa maneno mengine, nomino iliyodondoshwa na kitenzi *fungua* hurudishwa na mashine kwa umbo la *yeyote*. Fundi wa Dar es Salaam hakukusudia kuyafungulia mataifa yote. Alikusudia kufunguliwa yeye. Lakini sentensi yake haikusema hivyo.

Madhara ya sentensi hiyo yamekwisha kuonekana duniani. Zipo programu zinazozunguka katika intaneti usiku na mchana zikibisha hodi katika kila anwani na kuuliza kama gati 3389 limefunguliwa. Likiwa limefunguliwa, hujaribu nywila moja baada ya nyingine. Mwezi Septemba 2018, Idara ya Upelelezi ya Marekani, FBI, ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu uhalifu unaopitia itifaki hii. Kundi lililojulikana kwa programu yake ya SamSam, ambalo liliufungia mji wa Atlanta mafaili yake mwezi Machi 2018 na kudai fedha, lilikuwa likiitumia RDP kama mojawapo ya njia zake za kuingilia. Mwezi Mei 2019 ikatangazwa kasoro iliyoitwa BlueKeep, iliyomwezesha mvamizi kuingia kupitia huduma hiyo bila ya kuwa na nywila yoyote katika matoleo ya zamani ya Windows. Kampuni ya Microsoft ililazimika kutoa marekebisho hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imekwisha kuacha kuihudumia. Kwa zahanati inayotumia kompyuta ya zamani, habari hii si ya mbali.

Kiswahili kina njia mbili za kuziba pengo la *fungua*. Njia ya kwanza ni kauli ya kutendea. Kiambishi cha kauli hiyo huongeza nafasi ya yambwa tendewa: *mfungulie fundi gati 3389*. Hapa swali la karani, "Nimfungulie nani?", limejibiwa ndani ya kitenzi chenyewe, kwani kiambishi *m-* kinadai mtu anayejulikana. Ni lazima tutahadharishe, hata hivyo, kwamba *fungulia* bila ya yambwa tendewa ina maana nyingine ya kuachia kitu kiende ovyo, kama mtu anavyofungulia maji au mbwa. Kwa hiyo nguvu ya pendekezo letu imo katika kiambishi cha yambwa na nomino inayofuata.

Njia ya pili ni kitenzi *ruhusu*. Kitenzi hiki, kinapotumika kwa maana ya kumpitisha mtu, hufuatwa kwa kawaida na mtu huyo, kisha na kitenzi kingine chenye kiishio *-e*: *mruhusu fundi aingie*. Kishazi cha pili kinaweza kubeba maelezo yote yanayohitajika, kama ifuatavyo:

Mruhusu fundi, akitokea anwani 10.8.0.2, aingie katika kompyuta hii kwa gati la TCP 3389. Wengine wote wakatazwe.

Sentensi hii ina vipashio vitano, na kila kimoja kina nafasi yake katika kanuni ya ngome: (a) kitendo, yaani kuruhusu; (b) anayetoka nje, kwa anwani yake; (c) anapokwenda, yaani kompyuta hii; (d) njia, yaani itifaki na namba ya gati; na (e) hukumu ya jumla kwa wasiotajwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa isimu anayeweza kuichanganua sentensi hii anaweza pia kuisoma kanuni ya ngome, na fundi anayeitunga kanuni anatunga sentensi, ajue asijue.

Ni vyema kutambua pia kuwa umbo "ruhusu gati 3389", linaloonekana katika tafsiri za harakaharaka, linarudisha kosa lile lile kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa limelifanya gati kuwa ndilo linaloruhusiwa na kumsahau mpitaji.

5.0 Utekelezaji wa kanuni

Katika sehemu hii tunaeleza hatua za kuitekeleza sentensi iliyotajwa hapo juu, tukichukulia kuwa kompyuta ya zahanati inatumia mfumo wa Windows.

5.1 Kuiwezesha huduma

Ngome haiwezi kumpitisha mtu kwenda kwenye huduma isiyokuwapo. Hatua ya kwanza ni kuiwasha huduma ya kuendesha kompyuta kwa mbali katika mipangilio ya mfumo. Matoleo ya Windows ya nyumbani hayana uwezo wa kuipokea huduma hii. Matoleo kama ya kitaalamu, ya mashirika na ya seva ndiyo yanayoweza. Sharti la kumtambulisha mtumiaji kabla ya kumwonyesha sura ya kompyuta liachwe likiwa limewashwa. Aidha, fundi afunguliwe akaunti yake mwenyewe yenye nywila ndefu, aingizwe katika kundi la watumiaji wa mbali, na asitumie akaunti ya karani.

5.2 Kuitunga kanuni

Huduma inapowashwa, mfumo wenyewe huwezesha kanuni zilizotayarishwa tangu mwanzo, zikiwamo ya TCP na ya UDP kwa gati 3389. Watu wengi huishia hapo. Kanuni hizo zinapaswa kufunguliwa, na katika sehemu ya anwani za mbali neno *yoyote* liondolewe, iwekwe anwani ya fundi au ya mtandao wake. Windows pia huigawa mitandao katika aina tatu: ya kikoa, ya binafsi na ya umma. Kanuni hii isihusishwe na mtandao wa umma.

Inafaa hapa kutaja tofauti moja ambayo huwakanganya wanafunzi. Katika ruta nyingi, kanuni husomwa kwa mpangilio kuanzia juu, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayotekelezwa. Katika ngome ya Windows sivyo: kanuni ya kukataza huishinda ile ya kuruhusu, hata ingeandikwa wapi. Kwa hiyo "wengine wote wakatazwe" haihitaji kuandikwa kama kanuni ya pekee katika Windows. Ndiyo hali ya kawaida kwa wageni wote wasioitwa. Atakayeiandika kwa mkono anaweza kumkataza hata fundi mwenyewe.

5.3 Ngome ya pili

Kwa kawaida kompyuta ya ofisi haiko peke yake mbele ya intaneti. Mbele yake ipo ruta, na kompyuta ina anwani ya ndani tu, kwa mfano inayoanza kwa 192.168, ambayo haifikiki kutoka nje. Maelekezo mengi humwambia msomaji aiagize ruta iupeleke kwenye kompyuta kila ujio wa gati 3389. Hatushauri kufanya hivyo. Baadhi ya mafundi hudhani kuwa wakibadili namba, wakatumia tuseme 50389 badala ya 3389, watakuwa wamejificha. Kubadili namba hupunguza kelele, lakini hakumzuii mtafutaji. Mwizi anayezipapasa bandari zote atalikuta gati hilo pia.

5.4 Daftari na kufunga

Windows huandika katika daftari la matukio kila jaribio la kuingia: tukio namba 4625 ni la aliyeshindwa, namba 4624 ni la aliyefaulu. Karani anaweza kufundishwa kulisoma daftari hilo. Majaribio mengi yaliyoshindwa, yakiwa na majina asiyoyajua, ni dalili kwamba kanuni haikutungwa kama ilivyokusudiwa. Kazi ya fundi inapokwisha, kanuni izimwe. Ruhusa iliyotolewa kwa ajili ya jioni moja haina sababu ya kudumu miaka mitatu.

6.0 Lakiri na mashua: njia za kutolionyesha gati

Tumesema kwamba gati 3389 lisionyeshwe kwa intaneti nzima. Je, fundi ataipataje anwani 10.8.0.2, ambayo ni ya ndani, ilhali yeye yuko Dar es Salaam? Jibu ni mtandao binafsi unaopita juu ya mtandao wa umma, ambao mafundi huuita VPN.

Historia ya Kigoma ina mfano unaosaidia kuieleza dhana hii. Kwa mkataba wa mwaka 1921, Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, yaliyokuja kuitwa Belbase. Shehena za Kongo na za Ruanda-Urundi ziliweza kushushwa Dar es Salaam, zikapita katika ardhi ya Tanganyika kwa Reli ya Kati, na kupakiwa melini Kigoma bila ya kutozwa ushuru wa forodha njiani. Tuichukue picha ya behewa la safari kama hiyo, lililofungwa kwa lakiri. Behewa linapita katika reli ile ile wanayopita wengine wote, lakini aliyeko njiani haoni kilichomo, na lakiri ikivunjwa, mpokeaji atajua.

VPN hufanya vivyo hivyo kwa data. Pakiti za fundi husimbwa na kutiwa muhuri kwake Dar es Salaam, zikapita katika intaneti ya wote, na kufunguliwa Kigoma. Ngome ya nje inahitaji kulionyesha gati moja tu, lile la VPN yenyewe. Programu ya WireGuard, kwa mfano, hutumia UDP, na kwa mazoea gati 51820. Mgeni asiye na ufunguo akibisha hodi hapo hajibiwi kitu. Ndani ya njia hiyo ndipo fundi hupewa anwani 10.8.0.2, na sentensi yetu ya sehemu ya nne hupata maana kamili.

Mfano huu una mipaka yake. Lakiri huthibitisha kwamba behewa halikufunguliwa njiani. Haithibitishi kwamba kilichopakiwa ni kizuri. Kompyuta ya fundi ikiwa na kirusi, kirusi hicho kitasafiri salama salimini hadi Kigoma. Ndiyo maana kanuni ya ndani, yenye anwani moja na gati moja, inahitajika hata pale ambapo VPN ipo.

Kuna tatizo jingine la kawaida katika ofisi zinazotumia intaneti ya simu. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo kompyuta ya Kigoma haina anwani yake inayofikika hata kama ngome ingekuwa wazi kabisa. Hapa hufaa utaratibu unaofanana na ule wa meli ya Liemba, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ikisimama majini mbele ya vijiji visivyo na gati, na mashua zikatoka ufukweni kuifuata. Kompyuta ya zahanati hutoka yenyewe kwenda kwenye seva iliyo mahali panapofikika. Fundi naye huenda kwenye seva hiyo hiyo, na wawili hao wakakutana hapo. Kwa kuwa ngome hukubali majibu ya mazungumzo yaliyoanzishwa kutoka ndani, hakuna gati linalofunguliwa Kigoma. Programu nyingi za kibiashara za kusaidiana kwa mbali hufanya kazi kwa njia hii. Swali la "nani" haliondoki, bali linahamia kwenye seva ya kati: ni nani anayeimiliki, na ni nani mwingine anayeruhusiwa kukutana na kompyuta yetu hapo?

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uteuzi wa maneno katika maelekezo ya kiufundi si suala la urembo wa lugha. *Ukuta wa moto* humfundisha mtumiaji kubomoa. *Ngome* humfundisha kulinda mlango. *Bandari* humfanya aione kompyuta nzima kuwa ni kitu kimoja cha kufunguliwa au kufungwa. *Gati* humwonyesha huduma mojamoja. *Fungua* humruhusu amsahau mpitaji. *Mfungulie* na *mruhusu* humlazimisha amtaje.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia katika kompyuta ya mwingine bila ya idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka wajibu kwa yule anayezitunza taarifa za watu. Zahanati haiwezi kujitetea kwamba iliambiwa "fungua tu". Kumbukumbu za mgonjwa wa Ujiji hazirudi kuwa siri baada ya kusambazwa.

Tunapendekeza kwamba wanaoandaa miongozo ya kompyuta kwa Kiswahili, wakishirikiana na BAKITA na idara za Kiswahili za vyuo vikuu, wasiishie kwenye orodha za nomino. Kila istilahi ya kitu itolewe pamoja na kitenzi chake, na kila kitenzi kipimwe kwa swali moja: je, sentensi yake inaweza kukamilika bila ya kumtaja anayehusika? Ikiwa inaweza, kitenzi hicho hakifai kutumika peke yake katika maelekezo ya usalama. Karani wa mfano wetu hakuwa na mafunzo yoyote ya mitandao. Alikuwa na sarufi ya Kiswahili, na hiyo ilimtosha kuuliza swali ambalo fundi wake alipaswa kulijibu kabla ya kugusa ngome.